Kelele za umeme ndani ya chipu: Bei ya usahihi katika uigaji wa tarakilishi

KILA unapobonyeza simu yako ya mkononi ili kutuma pesa au kusoma ujumbe, mamilioni ya swichi ndogo mno huwaka na kuzimika ndani ya kipande cha silikoni ambacho aghalabu hakizidi ukubwa wa ukucha. Kwa mtazamaji, kazi hiyo hufanyika kimya kimya. Ndani ya chipu mambo ni tofauti.

Swichi nyingi zinapogeuka kwa wakati mmoja, umeme unaoilisha chipu huyumba. Wahandisi huuita myumbo huo kelele, ingawa hakuna sikio linaloweza kuusikia. Ukipita kiwango fulani, sifuri husomwa kama moja au moja ikasomwa kama sifuri, na kifaa hukwama au kutoa jibu la uongo. Mara nyingi hitilafu ya aina hii hutokea mara moja kwa wiki, kisha ikatoweka fundi anapoitafuta.

Chipu ikishatoka kiwandani haifunguliwi ikarekebishwa. Kwa hivyo kelele hizo hukadiriwa mapema kwa uigaji, yaani tarakilishi hupewa kielelezo cha chipu na kasha lake, kisha ikaulizwa volteji itayumba kiasi gani. Tatizo ni kwamba hakuna kielelezo kilicho sahihi kwa kila hali, na kila hatua ya kuukaribia ukweli hutozwa ada ya muda, kumbukumbu ya tarakilishi na fedha. Mhandisi hulazimika kuamua ni wapi atalipa ada hiyo na ni wapi ataikwepa.

Ili kuelewa uamuzi huo, yafaa kwanza kujua kelele zenyewe hutoka wapi.

Chipu haiuzwi ikiwa uchi. Hufungwa ndani ya kasha la plastiki au kauri, na katika makasha mengi nyaya nyembamba kuliko unywele huiunganisha silikoni na pini zilizo nje. Umeme wote unaoingia na kutoka hupitia njia hizo finyu.

Wanaoishi katika nyumba za ghorofa wanajua jinsi bomba linavyogonga ukutani mfereji unapofungwa ghafla. Maji yaliyokuwa yakikimbia hayakubali kusimama mara moja, na shinikizo lake hupanda kwa kitambo kidogo. Mkondo wa umeme una tabia iyo hiyo. Waya, hata uwe mfupi namna gani, hupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, na ukilazimishwa hujibu kwa kuzua volteji. Ukaidi huo huitwa indaktansi, na kizio chake ni henri. Waya mwembamba wenye urefu wa milimita moja ndani ya kasha huwa na takriban nanohenri moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya henri.

Kiasi hicho chaonekana kuwa kidogo mno, lakini kasi ya chipu hukikuza. Kanuni ni kuzidisha indaktansi kwa kasi ya mabadiliko ya mkondo. Chukua pini ya ardhi yenye nanohenri 5, na swichi inayobadilisha mkondo kwa miliampea 20 katika nanosekunde moja. Volteji inayozuka ni volti 0.1. Swichi nane zikigeuka kwa pamoja kupitia pini iyo hiyo, hesabu hutoa volti 0.8. Katika saketi za volti 5 za aina ya TTL, volti 0.8 ndicho kikomo cha juu kabisa cha ishara inayokubaliwa kuwa sifuri.

Hesabu hiyo haikubaki darasani. Katika miaka ya 1980, chipu za CMOS zenye kasi mpya zilipoingia sokoni, zile za swichi nane zilikuwa bado katika kasha la pini 20 lililorithiwa kutoka kizazi kilichotangulia, pini ya ardhi ikiwa kwenye kona moja na ya umeme kwenye kona ya pili. Kona ndiyo iliyo mbali zaidi na silikoni, hivyo njia yake ni ndefu na indaktansi yake ni kubwa. Kampuni ya Texas Instruments ilihamishia pini hizo katikati ya kasha katika jamii yake ya 74AC11000. Fairchild nayo, katika jamii ya FACT, ilizibakiza kwenye kona ili wateja wasilazimike kuchora upya bodi zao. Kila upande ulikuwa na hoja, na wanunuzi walibaki kupima kelele dhidi ya gharama ya kubadilisha bodi.

Turudi kwenye uigaji. Chombo mashuhuri zaidi ni programu ya SPICE, iliyotangazwa mwaka wa 1973 kutoka Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Iliandikwa na Laurence Nagel chini ya usimamizi wa Profesa Donald Pederson, na vizazi vyake vingali vinatumika kote duniani. SPICE hugawa muda katika vipande vidogo vidogo na kutatua milinganyo ya saketi nzima katika kila kipande. Ukiipa kielelezo kizuri, hutoa jibu zuri. Kielelezo kibovu nacho hukijibu kwa uhakika ule ule, bila kusita.

Mhandisi mwenye haraka ataanza na kielelezo kilicho rahisi: kila pini ni indaktansi moja, na kila swichi inavuta mkondo wake bila kujali linalotokea kwingine. Hiyo ndiyo hesabu tuliyoifanya hapo juu. Kasoro yake ni kuwa swichi halisi hujali. Volteji ya ardhi ya ndani inapopanda, transista hupungukiwa na nguvu ya kuisukuma, mkondo wake hupanda polepole zaidi, na kelele hujizuia zenyewe kwa kiasi. Ramesh Senthinathan na John Prince walilieleza jambo hili kwa hesabu katika makala ya mwaka wa 1991. Kutokana nalo, swichi 16 hazileti kelele maradufu ya swichi nane, bali chini ya hapo.

Huenda msomaji akauliza ubaya wa makadirio yanayozidisha hatari uko wapi, kwani si heri kujihadhari? Hoja hiyo ina ladha, ila ina bei. Mhandisi aliyeogopeshwa na tarakimu kubwa kupita kiasi ataongeza pini za ardhi, na kila pini anayoiongeza ni nafasi iliyonyang'anywa ishara. Au atachagua kasha kubwa zaidi lenye tabaka nyingi za shaba, au atapunguza kasi ya chipu ambayo ingeweza kwenda mbio. Katika bidhaa zinazotengenezwa kwa mamilioni, senti chache kwa kila kasha si mzaha.

Isitoshe, kielelezo hicho rahisi hakikosei upande mmoja tu. Tuseme mhandisi ameweka pini nne za ardhi badala ya moja. Hesabu ya haraka itamwambia kuwa indaktansi imegawanywa kwa nne na kelele zimeshuka hadi robo. Lakini pini nne zilizopangwa bega kwa bega, zote zikipitisha mkondo upande mmoja, huathiriana kwa nguvu za sumaku, kila moja ikiongeza ukaidi wa jirani yake. Faida halisi huwa pungufu ya ile iliyotarajiwa. Pini ya ardhi ikiwekwa kando ya pini ya ishara, ambako mikondo inapishana, athari hiyo hugeuka kuwa msaada. Ndiyo sababu kampuni ya Xilinx, katika chipu zake za Virtex-4 za mwaka wa 2004, ilizitawanya pini za ardhi na za umeme katikati ya zile za ishara badala ya kuzirundika mahali pamoja.

Anayetumia kielelezo rahisi basi hawezi kujifariji kuwa "angalau ninakosea kwa usalama". Makosa mawili yanayovuta pande tofauti yanaweza kufutana leo na kujumlishana kesho, muundo wa kasha ukibadilika kidogo tu.

Tiba ni kulikokotoa umbo lenyewe la kasha. Mwaka wa 1972 Albert Ruehli wa IBM alichapisha njia ya kukokotoa indaktansi ya kila kipande cha waya na jinsi kinavyoathiri vipande vingine. Mwaka wa 1994 watafiti wa chuo cha MIT walitoa FastHenry, programu iliyoifanya kazi ya aina hiyo kuwa nyepesi kwa maumbo yenye vipande maelfu. Kuna pia njia ya Kane Yee ya mwaka wa 1966, ambapo nafasi yote hukatwa katika vichemba vidogo na mawimbi ya sumaku na umeme hufuatwa kutoka kichemba kimoja hadi kingine.

Njia hii ya mwisho yaonyesha vyema jinsi usahihi unavyolipiwa. Ukipunguza upana wa kichemba kwa nusu, idadi ya vichemba huwa mara nane, kwa kuwa kuna urefu, upana na kimo. Pamoja na hayo, kanuni za hesabu hukulazimisha upunguze kipande cha muda kwa nusu pia. Jumla ni kazi mara 16. Uigaji uliochukua saa 3 utachukua saa 48, na pengine jibu likasogea kwa asilimia mbili pekee.

Je, undani huo unahitajika? Hilo hutegemea kasi ya ishara. Ndani ya kasha la kawaida, ishara husafiri kwa takriban nusu ya kasi ya mwanga, yaani sentimita 15 kwa nanosekunde. Njia yenye urefu wa sentimita 1.5 hupitwa kwa sehemu moja ya kumi ya nanosekunde. Ikiwa ishara huchukua nanosekunde nzima kupanda, njia yote huiona karibu kwa pamoja, na kuihesabu kama indaktansi moja hakuna ubaya. Ikiwa ishara hupanda kwa sehemu moja ya kumi ya nanosekunde, mwanzo wa njia umeshafika kileleni ilhali mwisho wake haujapata habari. Hapo njia lazima igawanywe katika vipande vingi, la sivyo jibu ni la kubuni.

Hadi hapa mtu angedhani kuwa mwenye tarakilishi kubwa ndiye mshindi daima. Sivyo, na sababu yake ndiyo sehemu ya mada hii inayostahili kuzingatiwa kuliko zote.

Ndani ya silikoni huwekwa kapasita, ambazo twaweza kuzilinganisha na tangi la maji juu ya paa: hushika akiba ndogo ya umeme karibu na mtumiaji ili asingoje umeme wa mbali. Kapasita hizo zikiungana na indaktansi ya kasha huwa kama pembea, yenye mwendo wake wa asili. Kwa mfano, indaktansi ya jumla ya sehemu moja ya kumi ya nanohenri pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 huyumba kwa takriban megahezi 50, yaani mara moja kila nanosekunde 20.

Mtoto juu ya pembea haruki juu kwa msukumo mmoja. Huinuka akisukumwa tena na tena kwa wakati unaofaa. Vivyo hivyo, chipu inayofanya kazi kwa vipindi, ikiamka na kusinzia kila nanosekunde 20, huweza kuijaza pembea hiyo hadi kelele zikawa kubwa kuliko zile za mgeuko mmoja wa swichi zote.

Ili kuliona tukio hilo, uigaji unahitaji mizunguko kumi hivi, yaani nanosekunde 200. Ukitumia vipande vya muda vya sehemu moja ya mia ya nanosekunde ili kuzifuata ishara za kasi, utakuwa na hatua 20,000, na katika kila hatua milinganyo yote hutatuliwa upya. Kwa kielelezo chenye undani wote wa kasha pamoja na transista zote, gharama hiyo huwashinda wengi. Wakaamua kuigiza nanosekunde 2 tu.

Matokeo yake ni picha safi ajabu ya sehemu moja ya kumi ya mzunguko mmoja. Kila waya umo, kila kona imo, ila hatari yenyewe haimo. Mhandisi mwingine aliyetumia kielelezo cha vipande vitano tu, akakiacha kiende kwa muda mrefu, ataiona pembea ikipanda. Tarakimu zake hazitakuwa sahihi sana, lakini atajua kuna tatizo, na hilo ndilo alilohitaji kujua.

Hata yeye atadanganyika akisahau ukinzani wa nyaya, kwa kuwa ndio unaoituliza pembea. Katika masafa ya juu mkondo hukimbilia ngozi ya waya. Kwenye shaba, katika gigahezi moja, hutumia unene wa mikromita mbili hivi tu. Ukinzani basi hupanda pamoja na masafa. Kielelezo kisichojua hilo huipa pembea mwendo usiochoka.

Kuna njia ya kati, nayo ni kulichukua kasha lililokokotolewa kwa kina na kulifupisha kihesabu, ili kielelezo chenye vipande elfu kumi kibaki na vipande hamsini vyenye tabia ileile kwa nje. Ufupisho huo una mtego wake. Ukifanywa vibaya, kielelezo hupata tabia ya kuzaa nishati kutoka hewani, na volteji hupaa bila kikomo katikati ya uigaji. Mbinu ya PRIMA, iliyochapishwa mwaka wa 1998 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilipendwa kwa sababu inazuia kioja hicho.

Kizuizi kingine si cha hesabu bali cha biashara. Mtengenezaji wa chipu hapendi kumwonyesha mteja muundo wa transista zake. Mwaka wa 1993, kwa juhudi zilizoanzia katika kampuni ya Intel, lilitolewa toleo la kwanza la IBIS, kielelezo kinachoieleza swichi kwa majedwali ya mkondo na volteji bila kufichua kilicho ndani. Kielelezo hicho ni chepesi na hukimbia haraka kuliko kile cha transista. Kwa miaka mingi, hata hivyo, hakikueleza barabara jinsi swichi inavyodhoofika umeme wake unapoyumba, wala mikondo yote inayopita katika njia ya umeme. Yaani kilikuwa dhaifu mahali pale pale ambapo kelele hizi huzaliwa. Upungufu huo ulishughulikiwa katika toleo la 5.0 la mwaka wa 2008. Hadi sasa mteja anayepokea faili ya IBIS anapaswa kutazama kama majedwali hayo ya ziada yamejazwa, kwani programu itakubali kufanya kazi hata yakikosekana.

Kisha kuna suala la kuchagua kitakachoigizwa. Njia 64 za data zinaweza kuwa katika hali zaidi ya bilioni 18 zikizidishwa kwa bilioni moja. Hakuna atakayezijaribu zote. Desturi ni kuzigeuza zote kwa mpigo, ingawa katika chipu halisi swichi hutofautiana kwa kitambo kidogo na tofauti hiyo hupunguza makali ya kelele. Wengine wamekabili jambo hili kwa kubadilisha data yenyewe. Kanuni za kumbukumbu ya DDR4, zilizochapishwa na shirika la JEDEC mwaka wa 2012, huruhusu kila baiti yenye sifuri zaidi ya nne kupinduliwa kabla ya kutumwa, ili njia zinazovuta mkondo zisizidi nusu.

Sisi tunaoshinda tukihariri habari tunaijua vyema hila ya tarakimu ndefu. Asilimia 41.37 humnyamazisha msomaji kuliko "karibu mbili kwa tano", hata kama waliohojiwa walikuwa thelathini. Ripoti za uigaji nazo zina ugonjwa huo. Programu itaandika kelele za milivolti 83.462 ilhali kapasita ya silikoni ilikisiwa, tena kwa kosa linaloweza kufika asilimia 20. Kwa maoni yangu, mhandisi anayeandika "kati ya 70 na 100" na kutaja anachokikisia anamfaa mwajiri wake kuliko yule wa nukta tatu za desimali.

Kipimo cha maabara ndicho hutazamiwa kuamua kesi, lakini nacho si hakimu asiye na doa. Haiwezekani kuingiza kipimo ndani ya kasha kwa urahisi. Kwa hivyo swichi moja huachwa kwenye sifuri huku nyingine zote zikigeuzwa, kisha pini yake hutazamwa kutoka nje ili kuona ardhi ya ndani inavyorukaruka. Waya wa ardhi wa kipimo chenyewe una indaktansi yake, na ukiwa mrefu, mpimaji huongeza kelele zake mwenyewe juu ya zile anazozitafuta.

Mambo hayaelekei kuwa mepesi. Kumbukumbu za HBM, ambazo hupangwa juu kwa juu na kukaa ubavuni mwa chipu kubwa ndani ya kasha moja, zilianza na njia 1,024 za data, na kanuni za HBM4 zilizotolewa mwaka wa 2025 zimezifanya 2,048. Kuziigiza zote kwa undani wa transista ni kazi isiyomalizika kwa muda wa mradi. Wahandisi huchukua kikundi kidogo cha njia, wakakiigiza kwa kina, kisha wakaijumlisha athari ya njia zilizobaki kwa kielelezo chepesi. Mpaka kati ya kikundi hicho na majirani zake huwekwa kwa uamuzi wa binadamu, na njia zilizo karibu na mpaka huo ndizo ambazo majibu yake hukaguliwa mara ya pili.